Buibui wa Kinamasi cha Dani

Wiki chache zilizopita nilinunua mkeka wa mafunjo pale soko la Kibuye, kwa mama mmoja aliyekuwa ameisimamisha mikeka yake nyuma ya mgongo ili imkinge jua. Nilipoufungua nyumbani, sebule nzima ilijaa harufu. Watu wa rika langu tuliokulia upande huu wa ziwa tunaijua: ni harufu ya nyasi, tope na moshi kidogo, na ukiivuta hadi ndani unakuta utamu fulani mwishoni, kama bua la mtama ulilotafuna ukalitema. Wanangu walipita wakaziba pua, wakasema mkeka unanuka. Mimi nilivua viatu nikaketi juu yake. Nilitarajia nimkumbuke Dani, nyanya yangu, aliyesuka mikeka ya namna hiyo maisha yake yote. Badala yake nilimkumbuka buibui.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Migosi, kwenye nyumba za kupanga, mlango wetu ukitazamana na wa Mama Salma. Mama Salma alizaliwa hapa hapa Kisumu, lakini babake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mtu yeyote kwenye ploti. Sisi wengine tulikivunja tulivyotaka. Alikuwa akikaanga mahamri alfajiri, na sauti yake ilipita ukuta kama vile harufu ya iliki ilivyopita. Baba alikuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni. Mama alikuwa mshonaji, lakini kwa majuma mengi cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Mama alikuwa mjamzito. Hakuna aliyeniambia, siku hizo watoto hatukuambiwa mambo kama hayo. Niliona tu tumbo lake likikua, kisha nikaona yeye mwenyewe akipungua. Tumbo lilikwenda mbele na Mama akarudi nyuma. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu. Alikuwa akitafuna yale mawe laini yanayouzwa sokoni, na usiku nilisikia meno yake yakisaga, kra, kra, upande wa pili wa pazia. Akisimama kuepua sufuria, alishika ukuta kwanza.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya pazia la mlango nikivaa sweta, Mama Salma akiwa nje na Baba. Mama Salma alikuwa akizungumza kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini.

“Shemeji, usimwache mwanamke huyu nyumbani. Ni pacha wale. Wamemla damu yote. Hivi unavyomwona, wanammaliza.”

Nilisikia kiatu cha Baba kikisugua sakafu ya saruji, mbele na nyuma. Nilikuwa na miaka tisa, na neno kula nililijua kwa maana moja tu, ile ya meno.

Asubuhi yake Mama akapelekwa hospitali. Alinikumbatia kwa ubavu, kwa kuwa mbele hapakuwa na nafasi, na nikajivuta nyuma haraka nisiguse tumbo lake. Alidhani nimekasirika. Baba alinipeleka kwa Dani mchana huo huo. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu alikuwa mamake Mama.

Nyumba ya Dani ilikuwa kando ya ziwa, pale ardhi inapoanza kusita kama iwe ardhi au iwe maji. Ukitoka mlangoni ulikanyaga mchanga, kisha nyasi, kisha udongo uliotikisika chini ya mguu kama godoro, halafu mafunjo yakaanza, marefu kuliko mtu, vichwa vyao vikiwa kama nywele ambazo hazijachanwa. Kazi ya Dani ilikuwa kuyakata, kuyachana maganda, kuyaanika na kuyasuka. Mimi nilikatazwa kupita pale alipofunga mtumbwi mbovu uliopinduliwa, kwa sababu ya viboko na kwa sababu ya nyoka, na kwa sababu, Dani alisema, “Mimi nimekataza.”

Alikuwa mfupi, mkavu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kufoka. Nyoka hakuwaogopa. Niliwahi kumwona akimpiga mmoja kwa ubapa wa panga huku akiendelea kunieleza habari za harusi fulani. Viboko aliwatukana kwa majina. Lakini buibui akipita kwenye rundo la mafunjo, Dani alitupa kila kitu na kuruka nyuma kama msichana.

“Toa hiyo kitu! Toa, toa, yawa!”

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kinamasini ilikuwa kukung'uta mafunjo kabla hayajaletwa nyumbani. Nilikung'uta vyura wadogo, konokono, panzi, na buibui. Hao buibui hawakuwa kama wale wa Migosi wanaokaa pembeni mwa dari wakisubiri utando wao ufanye kazi. Hawa hawakuwa na utando kabisa. Walikuwa wa kahawia, na mistari iliyopauka mgongoni, na walikimbia. Walikimbia juu ya mafunjo, juu ya tope, hata juu ya maji yenyewe, kana kwamba maji ni sakafu iliyopigwa deki. Nilipokua nilisoma kwamba wataalamu wanawaita buibui mbwamwitu, kwa kuwa wanawinda kwa miguu. Wakati ule sikuwa na jina la kuwapa. Nililala kifudifudi juu ya mtumbwi mbovu, kidevu kwenye ubao, na nikawatazama.

Yule wa kwangu nilimtambua kwa sababu alikosa mguu mmoja wa mbele, na kwa sababu alikuwa amebeba kitu. Kilikuwa nyuma yake, kimegandia mwisho wa tumbo, cha mviringo, cheupe chenye ubuluu kidogo, karibu kikubwa kama tumbo lenyewe. Nilifikiri kwanza ni peremende aliyoiokota. Kisha nikafikiri ni mzigo, kwamba anahama. Nilimngoja afike anakokwenda aushushe. Hakuushusha. Alipanda nao juu ya bua la funjo lililolala, akageuza nyuma yake juani, akatulia, mzigo ukipata joto. Wingu lilipopita akasogea. Jua liliporudi, akarudi. Nilivyojua mimi, mtu anayeota jua huota uso. Huyu aliotesha jua mzigo.

Nilipomsogelea sana alishuka kwenye bua hadi majini, akaendelea kushuka. Akaingia ndani. Nilidhani amejiua. Lakini maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na chini kidogo nilimwona ameshikilia bua, mwili mzima na mzigo wake umevikwa hewa iliyong'aa kama karatasi ya sigara. Niliacha kupumua ili nione ni nani kati yetu atachoka kwanza. Nilichoka mimi. Yeye alitoka baadaye sana, mkavu, kana kwamba alikuwa ameingia chumbani kuchukua kitu.

“Dani, kuna buibui anaogelea na mzigo.”

“Mwache aogelee aende Uganda.”

Siku moja Dani alitupa tita la mafunjo karibu na mtumbwi bila kuangalia, na tita hilo likaangukia pale pale buibui wangu alipokuwa akiota jua. Niliruka. Nilipoinua mabua moja moja nilimkuta hai, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu. Sijawahi kuona kiumbe kidogo hivyo kikitafuta hivyo. Alikwenda mbele, akarudi, akagusa bua kwa miguu ya mbele, akazunguka, akagusa tena pale pale. Nzi alitua karibu naye na hakumjali. Nilipoona amepita sehemu moja mara nyingi bila kuchoka, nilikimbia ndani, nikachomoa pamba kidogo kwenye mto wa Dani, nikaiviringisha kwa mate mpaka ikawa kidonge, nikaiweka mbele yake kwa ncha ya unyasi.

Aliipapasa, akaigeuza. Kisha akaikalia, akafanya kitu na nyuma ya tumbo lake, na alipoondoka, pamba ya mto wa Dani ikawa inamfuata.

Nilicheka hadi Dani akauliza kuna nini. Lakini moyoni nilipata wasiwasi, kwa sababu niliona kwamba kumbe hajui alichobeba, anajua tu kwamba lazima abebe. Nikatafuta mzigo wenyewe, nikaupata umenasa kati ya mabua mawili, mzima, mgumu kidogo kama mbegu. Niliuweka njiani mwake. Aliufikia, akasimama. Akaiachilia pamba, akauchukua wake, na safari hii alikimbia moja kwa moja hadi kwenye maji akazama nao. Kumbe alijua.

Baba alikuwa akija Jumapili na mkate. Alizungumza na Dani pembeni, karibu na jiko, na mimi nikipita walianza kuzungumza juu ya mvua. Nilikuwa nikimuuliza, “Mama yuko aje?” na yeye alisema, “Anapumzika.” Baada ya Baba kuondoka Dani alichana mafunjo kwa nguvu mpaka maganda mengine yakakatika.

Basi asubuhi moja nilikwenda mtumbwini nikamkuta buibui wangu amebadilika. Mzigo ulikuwa umekwisha, umebaki ganda tupu lililopasuka, limelala kwenye tope. Na mgongo wake ulikuwa umevimba, umekuwa na manyoya. Nilisogea. Manyoya yalikuwa na miguu. Walikuwa watoto, wadogo kuliko ufuta, wamepangana juu ya tumbo lake tabaka juu ya tabaka, wamemfunika hata rangi yake haionekani, vichwa vyao vyote vimeelekea kwake. Hawakutikisika. Na yeye alikuwa ametulia mno.

Nilijua ninachokiona. Wanamla.

Sikulia, sikuita mtu. Nilichukua unyasi, nikaanza kuwapangusa. Walianguka kwa mafungu, wakatapakaa kwenye bua na kwenye tope, na mimi nikaendelea mpaka nikaona tena ule mstari uliopauka wa mgongo wake. “Kimbia,” nilimwambia. “Kimbia sasa!”

Hakukimbia. Alikaa pale pale, amenyoosha miguu yake saba, na wale watoto wakaanza kurudi. Walipanda miguu yake kama watu wanaopanda ngazi, mmoja nyuma ya mwingine, na yeye aliiacha miguu imenyooka mpaka wa mwisho akapanda. Hapo ndipo akaondoka, taratibu. Hatua chache mbele nzi alitua kwenye tope. Buibui wangu aliruka, na watoto wote mgongoni, akamkamata, akamla.

Nilikaa nikiwaza jambo hilo kwa muda mrefu. Mtu anayeliwa hawezi kukaa akala. Au anaweza? Mama pia alikuwa akila, alikuwa akila mawe. Na alikuwa akipungua vile vile. Nilitazama kama buibui amepungua, lakini hakuwa na midomo ya kuonyesha majivu.

Nikamfuata Dani kwenye kamba ya kuanikia.

“Dani, watoto wakimla mama yao, inachukua muda gani?”

Alikuwa ameinua mikono. Aliishusha polepole.

“Watoto wa nani?”

“Wa buibui.” Halafu nikasema, “Na wa Mama.”

Dani aliangalia ziwa, akaniangalia mimi. Nilimwona akitaka kufoka, nikaona kule kufoka kukimwishia mdomoni. “Nani amekuambia maneno hayo?”

“Nilisikia.”

“Umesikia na umekaa nayo siku zote hizi?”

Niliitikia kwa kichwa. Alijifuta mikono kwenye nguo yake, upande huu na upande ule, zaidi ya ilivyohitajika. “Nionyeshe,” alisema.

“Ni buibui, Dani.”

“Nimesema nionyeshe.”

Alinifuata hadi mtumbwini amenishika bega, na kadiri tulivyokaribia ndivyo vidole vyake vilivyozidi kunibana. Alipiga magoti kwenye udongo ule unaotikisika. Nilimwonyesha kwa unyasi. Nilisikia pumzi yake ikikatika, na jasho la mkono wake likapita sweta langu, lakini hakurudi nyuma. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

“Yawa,” alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. “Amewabeba wote.”

“Wanamla?”

“Sijui, nyakwara, mjukuu wangu. Mimi hizi vitu sijawahi kuangalia.” Alinyanyuka, akanivuta nami nikanyanyuka. “Lakini ya mama yako tunaweza kuuliza yeye mwenyewe. Nenda ukanawe miguu.”

Hospitalini askari wa getini alisema watoto hawaruhusiwi wodini. Dani alimuuliza alizaliwa na nani, na huyo mtu kama anaishi, na kama yuko na afya njema, na kabla hajamaliza ukoo mzima muuguzi mmoja alitokea na kusema mgonjwa anaweza kuletwa kwenye baraza, kwa dakika chache tu, akiwa ameketi.

Mama alikuja akivuta miguu, ameshikwa mkono, na sindano imebandikwa plasta nyuma ya kiganja. Tumbo lilikuwa kubwa kuliko nilivyoliacha. Aliketi kwenye benchi, akanitazama, akatabasamu kwa ile midomo ya majivu.

“Mama, wanakuuma?”

“Nani?”

“Hao.” Nilionyesha bila kugusa.

“Wanapiga teke. Hawaumi.”

“Lakini wanakukula.”

Mama alimtazama Dani. Dani alitazama mtaro wa maji machafu.

“Nani alisema?”

“Mama Salma. Alimwambia Baba wamekula damu yote.”

Na hapo hapo Mama Salma mwenyewe akatokea kwenye ushoroba, buibui lake jeusi limekunjwa mkono mmoja hadi juu ya kiwiko, pamba imefinywa pale kiwiko kinapokunjwa, na chupa ya soda mkononi. Alikuwa amesikia. Alisimama kidogo, kisha akaja akaketi chini sakafuni, karibu na magoti yangu, akaweka soda kando.

“Nilisema, mwanangu. Nilisema kweli, ila nilisema vibaya. Mtoto aliye tumboni hana meno. Chakula chake kinapita kwenye damu ya mamake, kama stima inavyopita kwenye waya. Wakiwa wawili wanavuta nyingi. Ikipungua, lazima iongezwe.”

“Inatoka wapi?”

Aliinua ile pamba nione. Chini yake kulikuwa na doa dogo jekundu. “Ya leo imetoka hapa.”

Nilimtazama Mama, nikamtazama Mama Salma, nikaanza kuona mambo mengi kwa pamoja. “Kwa hiyo watakuwa Waislamu?”

Mama alicheka. Alicheka hadi akashika tumbo kwa mikono yote miwili, na muuguzi akasema taratibu, taratibu. Mama Salma alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hata askari wa getini aligeuka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa nimejibiwa.

Nilimweleza Mama kila kitu kuhusu buibui wa kinamasini: mzigo, kuzama, pamba ya mto, watoto kupanda miguu. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala, lakini nilipofika kwenye nzi aliyafumbua.

“Na wakiwa mgongoni bado anaruka?”

“Anaruka.”

“Basi endelea kumwangalia. Nikirudi utaniambia imekuwaje.”

Aliponiaga alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cheupe na baridi, kama samaki wa kwenye barafu. Njiani Dani hakusema neno, na huyo ni mtu aliyekuwa akizungumza hata na nyoka. Nikaelewa kwamba kuna jambo ambalo Mama Salma hakumaliza kulieleza.

Nilirudi kwenye mtumbwi. Sasa sikuwa natazama kwa kucheza, nilikuwa nimetumwa. Nilijifunza kwamba watoto wale hawakuwa wakila chochote, walikaa tu. Mvua ikija, mama yao aliingia chini ya majani yaliyooza, akatoka nao. Mmoja akianguka, mara nyingine alipanda tena, mara nyingine alibaki, na mama hakumrudia. Hilo lilinisumbua. Kisha kila asubuhi nilimkuta na wachache zaidi. Hawakuanguka, walishuka. Waliteremka kwenye majani, wakasimama kidogo wakielekea kila mmoja upande wake, wakaenda. Mpaka asubuhi moja nikamkuta juu ya bua, mgongo mtupu, mstari wake uliopauka unaonekana wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amekonda. Nilimgusa kwa unyasi. Alikimbia.

Nilikuwa nikikimbilia nyumbani kumwambia Dani, nilipomwona Baba akija kwenye njia ya mchanga. Haikuwa Jumapili. Hakuwa na mkate. Alikuwa amevua kofia ameishika mkononi, na shati lake lilikuwa limechomekwa upande mmoja tu.

Dani pia alimwona. Aliweka panga chini, kisha akakaa chini yeye mwenyewe, palepale kwenye maganda, miguu imenyooshwa mbele, kabla Baba hajafungua mdomo. Sijawahi kumwona mtu akikaa vile.

“Wako hai,” Baba alisema.

“Wote?” Dani aliuliza.

“Wote watatu.”

Dani alijifunika uso kwa nguo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Baba alichuchumaa karibu naye. Ndipo nikasikia, kwa kuwa safari hii hawakukumbuka kunifukuza, kwamba pacha walikuja mapema, mvulana na msichana, Opiyo na Adongo, kwamba Mama alitokwa na damu mpaka madaktari wakakimbia, kwamba Mama Salma alikuwa ameleta wanawe wawili wakubwa na shemeji yake nao wakatoa damu, na kwamba hata jana jioni Baba hakujua atakuja kusema nini hapa.

Nilipopelekwa kumwona tena, nilisimama nje ya kioo. Mama alikuwa ameketi kitandani, amefungwa leso kifuani juu ya ngozi tupu, na kwenye leso vilitokeza vichwa viwili vyenye kofia za sufu, kila kimoja kama ndimu kubwa. Muuguzi alisema hawajatimia, kwa hiyo wanakaa hivyo, mama ndiye joto lao. Mama alikuja hadi kwenye kioo nao, polepole, amewazungushia mikono. Midomo yake ilikuwa na rangi. Si nyingi, lakini ilikuwa rangi.

“Ehe,” alisema kupitia mwanya wa mlango. “Imekuwaje?”

“Wamehama.”

“Wote?”

“Wote. Yeye amebaki.”

“Anafanya nini?”

“Anaota jua.”

Mama alifikiri. “Mgongo?”

“Mwili mzima.”

“Vizuri,” alisema.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kuna buibui wa aina nyingine, mahali pengine, ambao watoto wao huwala mama zao kweli kweli, kidogo kidogo, hadi wamalize, na mama hakimbii. Nilifunga ukurasa nikakaa. Mtoto wa miaka tisa angeweza kulala kifudifudi mbele ya buibui wa aina hiyo, badala ya yule wa mafunjo, na ninafikiri angeamini alichokiona, na sijui angeingia vipi tena katika nyumba yenye watoto wachanga. Nilibahatika, nikapewa buibui yule.

Mama hakurudi Migosi moja kwa moja. Aliletwa kwa Dani apate nguvu, na kwa majuma kadhaa nyumba ilinuka maziwa, uji wa wimbi na nepi zilizoanikwa kwenye kamba ya mafunjo. Mimi nilizunguka pacha kwa mbali. Nilikuwa nimewasamehe, lakini sikuwa nimewazoea. Niliwatazama wakinyonya kwa jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayekula kwenu sana.

Alasiri moja Opiyo alikuwa akilia mikononi mwa Mama, na Dani alikuwa majini hadi magotini akikata mafunjo. Adongo alikuwa macho kwenye mkeka.

“Geuka,” Mama aliniambia.

“Kwa nini?”

“Geuka, inama kidogo.”

Nilihisi kitu kikiwekwa mgongoni mwangu, chepesi kuliko nilivyofikiri, kisha leso ikipita kwapani na kukazwa kifuani, fundo moja, fundo la pili. Joto lake lilipita gauni. Alinipumulia shingoni, pumzi fupi fupi, na shavu lake likakaa kati ya mifupa ya mabega yangu kama lililopimwa. Nilisimama bila kutikisika, mikono imetanuka pembeni, nikiogopa hata kumeza mate. Kisha kitu cha moto kikaanza kuteremka, kikapita kiunoni, kikafuata mguu wangu hadi kwenye kisigino.

“Mama! Amekojoa!”

Dani alisikia kutoka majini, akacheka mpaka akashikilia mafunjo.

“Nimshushe?”

Mama alimhamisha Opiyo upande wa pili, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye ule mguu uliolowa.

“Bado,” alisema. “Tembea kidogo.”

Nikatembea.